KADI KWANZA, SPANA BAADAYE

(Maoni ya mwanachama)

Ndugu wanachama,

Waliopita ofisini wiki hii wameiona ile pikipiki iliyolazwa chini ya mwembe nyuma ya ghala. Usukani umepinda kama pembe za mbuzi, tangi limebonyea, rimu ya mbele imekuwa yai. Watoto wanaipanda na kunguruma kwa midomo. Kamati yetu imekwisha kumpa mwenye nayo shilingi 200,000 za kishika uchumba, zimebaki 350,000. Jumamosi ijayo mkutano mkuu utaamua: tumalizie au turudishe?

Kwanza niseme wazi, nisije nikaeleweka vibaya. Mimi sipingi chama kuwa na pikipiki. Bwana Shamba anatembelea mashamba kwa miguu, akifika kwa mkulima wa mwisho jua limekwisha kuzama. Katibu akienda benki anapanda pikipiki za kukodi, na nauli hiyo tunailipa sisi kutoka kwenye makato ya kahawa. Chombo tunakihitaji. Wala sipingi kununua kilichovunjika. Fundi wetu ameichungulia ile pikipiki na kusema injini ni nzima. Namwamini. Masikini hachagui, na kitu kilichovunjika si lazima kitupwe.

Ninachopinga ni neno moja lililosemwa kwenye kikao. Mjumbe mmoja, sitamtaja kwa kuwa alisema kwa nia njema, aliuliza kadi iko wapi. Mwuzaji akajibu, "Kadi ilipotea, lakini msihofu, ninayo nyingine ya pikipiki ya aina hii hii, rangi hii hii, iliyoungua. Mtaitumia hiyo." Wajumbe wakacheka, wengine wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa dirishani, na tumbo likanikata.

Nitawaambieni kwa nini. Wazee mnaijua habari hii, lakini vijana wengi hamuijui, na kuisema siyo raha.

Mwaka 2013 nilikuwa na pikipiki yangu, fremu ikakatika shingoni, ikawa haifai. Kadi nikaiweka sandukuni. Baada ya muda nikampata mtu mwenye mkweche wa aina ile ile, hana kadi, anauza bei ya kutupa. Nikanunua. Karatasi yetu ya mauziano ilikuwa ukurasa wa daftari, na sahihi mbili. Nikafunga namba yangu ya zamani, nikaitoa kadi sandukuni, nikaanza kutembea. Nilijiona mjanja kweli kweli. Bima ndogo nililipa kila mwaka bila kukosa, nikitamba kwamba mimi ni raia mwema.

Mwaka 2015 mtoto wa dada yangu aliiazima. Pale njia panda ya kwenda gulioni akamgonga mama mmoja wa kijiji jirani aliyekuwa amebeba ndizi. Mama hakufa, Mungu alisaidia, lakini mguu ulivunjika mahali pawili. Mkaguzi wa magari wa polisi alipofika alichukua kitambaa, akafuta tope shingoni mwa pikipiki, akasoma namba. Akaifungua kadi yangu, akasoma. Akaninyamazia kwa muda mrefu, halafu akaniuliza, "Mzee, pikipiki ya kadi hii iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Na kumbe lile chuma lilikuwa limeibwa wilaya nyingine kabla ya kunifikia. Miaka miwili nilikuwa nimekalia mali ya mtu. Nililala kituoni siku mbili. Mahakamani nilitozwa faini. Mwenye pikipiki alikuja akaichukua, na haki ilikuwa yake. Yote hayo nayasahau. Nisichosahau ni jibu la watu wa bima. Walisema: sisi tuliikatia bima pikipiki yenye namba hizi, na hii iliyogonga hatuijui. Ndugu zangu, miaka miwili nilikuwa nimemlipia bima mfu.

Kwa hiyo mama yule hakupata hata senti moja ya bima. Nilimtibu mimi, kwa ng'ombe wawili na kipande cha shamba la migomba ambacho wanangu wangekirithi. Mpaka leo anatembea kwa fimbo. Kila siku ya gulio tunasalimiana, na kila siku ya gulio mimi ndiye ninayetazama chini.

Basi huyo ndiye anayewaandikia. Sijifanyi mwalimu. Nimeungua, ndiyo maana naujua moto.

KADI NI KITU GANI?

Wengi tunadhani kadi ni kibali cha kumnyamazisha trafiki. Sivyo. Kadi ni cheti cha kuzaliwa cha chombo. Inasema chombo hiki, chenye namba hii ya chesisi na namba hii ya injini, ni cha mtu huyu. Vitu vitatu vinashikana: chuma, karatasi na mtu. Kimoja kikitofautiana na vingine, hamna kadi, mna karatasi tu.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu, mara nyingi pale shingoni unapozungukia usukani. Katika pikipiki za siku hizi ina tarakimu na herufi 17 jumla. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, zisije zikachanganywa na moja na sifuri. Kwa hiyo ukiona mtu ameandika O kwenye karatasi ya mauziano, ujue amekosea au anakudanganya. Herufi ya kwanza inaonyesha chombo kilikotengenezwa: nyingi za India huanza na M, za Uchina na L, za Japani na J. Namba ya injini iko peke yake, imegongwa kwenye bloku ya injini upande wa chini.

Chukueni kitambaa na mafuta ya taa kidogo, mfute mjisomee wenyewe. Tazameni kama herufi ziko kwenye mstari na zina kina kimoja. Tazameni kama pana alama za tupa au jiwe la kusagia, au rangi nene iliyopakwa pale tu na siyo kwingine. Chuma kilichoguswa kinasema chenyewe.

KWA NINI MKWECHE HAUNA KADI?

Mwuzaji akisema "kadi ilipotea" huenda anasema kweli. Kadi hupotea. Lakini kadi ya kweli iliyopotea ina dawa: mwenye jina lake anakwenda polisi, anachukua taarifa ya upotevu, anaipeleka Mamlaka ya Mapato na kuomba nyingine. Asiyetaka kufanya hivyo, mwulizeni kwa nini. Mara nyingi jibu ni moja kati ya haya:

(1) Jina siyo lake. Alinunua kwa mtu, aliyenunua kwa mtu, na hakuna hata mmoja aliyehamisha umiliki. Mwenye jina yuko mbali, hakumbuki hata kama aliwahi kuwa na pikipiki.

(2) Mwenye jina amekufa. Hapo mjane au kaka hawezi kuuza kwa mdomo tu. Ukoo unakaa, unapendekeza mtu, mahakama inamthibitisha kuwa msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye mwenye sahihi. Ukinunua kabla ya hapo umenunua ugomvi wa watu.

(3) Kadi iko kwa mkopeshaji. Vijana wengi wanaendesha pikipiki za mkopo, na kadi haitoki mpaka deni liishe. Pikipiki inavunjika, deni linabaki zima.

(4) Ilikuwa na bima kubwa, na bima imekwisha kumlipa mwenyewe. Akilipwa thamani yote, mkweche huwa mali ya bima, na bima ndiyo yenye haki ya kuuza. Mwulizeni mwuzaji barua ya bima.

(5) Ni kielelezo cha kesi, au ni ya wizi. Hapa sina la kuongeza, nimekwisha kuwasimulia.

Katika matano haya, manne ya kwanza yanatengenezeka. Yanataka subira na nauli. La tano halitengenezeki. Na ukiwa umesimama chini ya mwembe huwezi kuyajua yapi ni yapi, kwa sababu mwuzaji wa lile la tano naye anasema "kadi ilipotea."

NJIA NDEFU NI HII

Haya, mtaniambia, Mzee, njia yako ni ipi? Ni hii.

Kwanza, kabla ya senti nyingine kutoka, tusome namba mbili za chuma, twende Mamlaka ya Mapato kuuliza pikipiki hiyo imesajiliwa kwa jina la nani. Namba hizo hizo tuzipeleke polisi, waseme kama inatafutwa au ina kesi. Mwuzaji atufuatane. Akikataa kutufuata, jibu tumelipata bila nauli.

Pili, mwenye jina, au msimamizi wake wa mirathi, au bima, atie sahihi mkataba wa mauziano mbele ya wakili. Siyo ukurasa wa daftari. Nakala za vitambulisho ziwepo, na kadi halisi mkononi.

Tatu, tuhamishe umiliki. Mwuzaji na mnunuzi wote wawe na namba ya mlipakodi. Kuna ada na kuna ushuru wa stempu. Malipo ya Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu, kwa benki au kwa simu, na risiti inatoka. Anayetaka mumpe mkononi "aharakishe" siyo Serikali huyo.

Na kadi iandikwe JINA LA CHAMA. Msiseme "tuandike la Katibu, ni rahisi." Chama chetu kimesajiliwa, na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inakitambua kama mtu mbele ya sheria. Kinaweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa. Makatibu wanakuja na kwenda. Siku Katibu akihama au akifa, pikipiki yenye jina lake itakuwa ya wanawe, na chama kitakwenda kuomba kwenye kikao cha ukoo.

Nne, hapo ndipo fundi ashike spana.

Tano, kama injini itabadilishwa, au rangi, tupeleke taarifa ili kadi nayo ibadilishwe, pamoja na risiti ya hiyo injini. Wengi wetu hapa ndipo tunapoangukia. Pikipiki inaanza na kadi halali kabisa, halafu tunaweka injini ya kuokota, na kuanzia siku hiyo karatasi na chuma vinaanza kugombana.

Sita, akishamaliza fundi, mkaguzi wa magari aione. Na kabla ya mkaguzi tuione sisi. Fremu inyooshwe kwa kipimo, siyo kwa nyundo na macho: vuteni kamba kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, mtaona kama yanafuatana. Shingo ikiwa na ufa, acheni, msichomelee, hiyo fremu imekwisha. Yangu ya kwanza ilikatikia pale pale. Shokapu za mbele zilizopinda zibadilishwe. Spoki, beringi, breki, cheni, taa, honi na vioo, kila kimoja kitazamwe. Na fundi aambiwe asipige rangi juu ya namba ya chesisi. Rangi ni nzuri, lakini pale shingoni tunataka kusoma.

WENZETU WANAFANYAJE?

Kijana mmoja wa kamati aliniambia, "Mzee, tukiandika kila mahali kwamba pikipiki yetu ilikuwa mkweche, siku ya kuiuza nani atainunua?" Swali zuri, na nimelifikiria.

Huko Marekani, ambako vyombo vilivyoharibika ni vingi na wajanja ni wengi vile vile, kila jimbo lina sheria yake, lakini mtindo unafanana. Gari au pikipiki ikiharibika kiasi kwamba bima inaona haina faida kuitengeneza, ile hati yake ya kawaida huondolewa, inatolewa hati nyingine yenye neno la kusema ni chakavu. Kwa hati hiyo haiendi barabarani. Mtu anaweza kuinunua na kuitengeneza, lakini atunze risiti za vipuri, na chombo kikaguliwe. Akifaulu anapewa hati yenye neno lingine, kwamba chombo hiki kimejengwa upya. Neno hilo hukaa kwenye hati hata chombo kikiuzwa tena.

Chombo cha namna hiyo huuzwa kwa bei ya chini, ni kweli. Ndiyo maana wako walaghai wanaokihamishia jimbo lingine ili hati itoke safi, kama nguo iliyofuliwa. Kwa sababu ya ulaghai huo, sheria yao ya mwaka 1992 iliagiza uwepo mfumo mmoja wa taarifa wa nchi nzima. Na jambo lingine la kuzingatia: katika jimbo la New York, kwa mfano, ukaguzi wa vyombo hivyo ni wa kutafuta vipuri vya wizi, siyo wa kuthibitisha kwamba breki zinashika. Kwa hiyo hata huko karatasi peke yake haimwokoi mtu. Lazima fundi naye awe mkweli.

Mimi sisemi tuige kila cha wenzetu. Lakini hapo pana akili moja ninayoipenda. Karatasi inaposema "hiki kilivunjika, kikatengenezwa, na hivi ndivyo kilivyotengenezwa," haimwaibishi mwenye chombo. Inamheshimu atakayekinunua. Tukiuza kwa bei ya chini kidogo kwa mtu aliyeambiwa ukweli, hatujapata hasara. Tumepata usingizi.

MAJIBU KWA WANAOSEMA

Wanasema: "Huku kwetu trafiki hafiki." Ni kweli, kwangu pia hakufika, miaka miwili. Alifika siku moja tu, siku ambayo damu ilikuwa barabarani. Karatasi hatuzitengenezi kwa ajili ya siku za kawaida.

Wanasema: "Ni gharama." Ni gharama, sikatai. Lakini mimi nililipa kwa ng'ombe wangu na shamba langu. Chama kikigonga mtu kwa pikipiki ya kadi ya mfu, kitalipa kwa nini? Kwa kahawa yako, wewe unayesoma hapa, na ya mjane asiyejua hata pikipiki yenyewe inawashwaje. Ghala hili lilijengwa kwa matofali ya vichwa vya mama zetu. Liuzwe kwa sababu ya kadi?

Wanasema: "Mzee anachelewesha maendeleo." Haya. Bwana Shamba ametembea kwa miguu misimu mingapi? Atatembea miezi miwili mingine. Lakini siku atakapopanda, apande akijua kwamba akianguka ana bima, na akimwangusha mtu, mtu huyo naye anayo. Hatuwezi kumtuma kijana wa watu barabarani juu ya uongo wetu.

NINACHOPENDEKEZA KWA MKUTANO

1. Shilingi 350,000 zisitoke mpaka namba za chuma zilinganishwe na kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato, na polisi wajibu.

2. Mwuzaji apewe mwezi mmoja kumleta mwenye jina au barua inayohusika. Akishindwa, arudishe 200,000 zetu na achukue mkweche wake. Kamati iandike hivyo kwenye muhtasari, na mwuzaji atie sahihi.

3. Ile kadi ya pikipiki iliyoungua isiingie ofisini kabisa. Hata kwa kuitazama.

4. Umiliki uwe wa chama, na bima ikatwe kwa namba zilizosomwa kwenye chuma, siyo zilizonakiliwa kutoka kwenye karatasi ya zamani.

5. Pawe na Daftari la Pikipiki. Ukurasa wa kwanza uandikwe: "Tuliinunua ikiwa imevunjika." Kisha kila kipuri, bei, risiti na jina la fundi. Siku tukiiuza, daftari liende na pikipiki.

Ndugu wanachama, mnaweza kunikatalia, mkutano ni mkubwa kuliko mtu mmoja. Lakini kabla hamjanyoosha mikono Jumamosi, nawaomba mpite gulioni siku ya Ijumaa. Upande wa ndizi, karibu na mti wa kivuli, kuna mama ana fimbo. Msimwulize kitu. Nunueni ndizi zake tu, halafu mje mkutanoni.

Ushirika ni nguvu, na nguvu ya ushirika ni uaminifu.

Wenu katika ushirika,
Mwanachama mzee, fundi mstaafu.

(Mwenye maoni tofauti aandike, ampe Katibu, nayo yatabandikwa hapa hapa.)